Kengele ya Mama Digidigi

Paukwa!

Mbona kimya? Wakubwa nanyi itikieni, hii si ya watoto peke yao. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, asubuhi moja, Ngiri na Nungunungu walikuwa wakigombana, na ugomvi ulikuwa umeshapamba moto.

"Nimesema nanunua!" Ngiri alifoka. Du! Akapiga meza kwa kwato.

"Subiri, bosi. Siku saba tu."

"Siku saba! Miiba yote hiyo mgongoni, halafu unaogopa kompyuta?"

Ngiri alikuwa na kampuni. Kampuni yake haikutengeneza kitu. Iliunganisha. Kamera ilitoka kwa huyu, kengele kwa yule, kufuli kwa mwingine, Ngiri na wenzake wakaviunganisha kwa nyaya vikawa kitu kimoja. Adui akikaribia shimo la mteja, kamera imwone, kengele ilie, mlango ujifunge. Kriii! Kwap! Watoto salama.

Nungunungu alikuwa mtunza ghala. Kima alikuwa fundi wa kufunga. Kazi zikaongezeka, zikaongezeka, mpaka daftari likashindwa na wateja wakaanza kusahauliwa. Ndipo Ngiri akatafuta programu ya kuendesha biashara yote, oda, ghala na mafundi.

Wauzaji wakaja wawili. Kobe alisema, "Nipeni siku saba. Nifuate kazi moja, toka mteja anapopiga simu mpaka kengele inapolia kwake. Halafu nitawaambia kama programu yangu inawafaa."

Hondohondo akacheka, kwa-kwa-kwa! "Siku saba? Yangu naiweka leo. Maduka yote ya msituni yanaitumia."

Akafungua kompyuta. Oda ikaingia, ikawa nyekundu. Mali ikatoka ghalani, ikawa kijani. Nyekundu, kijani. Nyekundu, kijani. Ngiri akatabasamu mpaka meno yote yakaonekana.

"Kijani maana yake nini?" Nungunungu akauliza.

"Kazi imekwisha, dada."

"Kwa mwenye duka imekwisha. Kwetu sisi, boksi likitoka ghalani, kazi ndiyo kwanza inaanza. Nani atajua kama kengele imefungwa?"

Hondohondo akampa mgongo. Akamgeukia Ngiri. "Samahani mzee, bosi hapa ni nani?"

Hapo ndipo ugomvi ule ulipozuka, na Ngiri akatia saini palepale.

Wiki ile ile akaja Mama Digidigi. Alikuwa amezaa, mtoto wa siku nne, miguu bado inatetemeka. Mtoto wa kwanza alimezwa na Chatu. Huyu ndiye aliyebaki.

"Dada, nifanyieni haraka," alimwambia Nungunungu. "Nikienda kula majani, namwacha peke yake."

"Chukua boksi lako, mama. Fundi atakuja kesho."

Mama Digidigi akalibeba mwenyewe, akaenda nalo. Nungunungu akabonyeza kuwa boksi limetoka, tap! Kijani.

Kesho yake Kima akatazama skrini. Akaona nyekundu tatu, akazifuata. Siku iliyofuata akatazama tena. Nyekundu tano, akazifuata. Kijani hakuzigusa.

"Kima, umefika kwa Mama Digidigi?" Nungunungu akamuuliza.

"Yule mbona kijani, dada? Ameshamalizwa."

Nungunungu akakimbia kwa Ngiri. "Bosi, kwa Mama Digidigi bado!"

"Skrini inasema tayari. Unabishana na skrini? Rudi ghalani, mama miiba."

Wenzake wakacheka. Nungunungu akarudi ghalani, akakaa kimya. Siku nzima kimya. Usiku mzima macho wazi.

Asubuhi hakuomba ruhusa. Alichukua bisibisi na koleo, akaondoka mbio. Miiba ikalia njia nzima, kwacha, kwacha, kwacha. Alikuwa hajawahi kufunga kengele maishani mwake, lakini alishawaona mafundi wakifunga.

Alipokaribia akapunguza mwendo. Mavumbini palikuwa na mburuzo, mpana, laini, kama gunia limevutwa. Umeingia shimoni. Umetoka shimoni. Kando ya mlango palikuwa na boksi, utepe wake wa gundi bado haujabanduliwa.

Mama Digidigi alikuwa amesimama mlangoni. Majani mabichi yalikuwa bado mdomoni mwake.

Basi wasikilizaji wangu, anayenunua chombo cha kazi aifuate kwanza kazi yenyewe, na awasikilize wanaoifanya. Na anayeliona kosa asikubali kunyamazishwa kwa kuchekwa, hata siku moja.

Hadithi yangu naiachia hapo, Nungunungu ameshika bisibisi, hajui aiweke wapi, na Mama Digidigi anamwambia mlangoni:

"Rudi nayo kengele yenu, dada. Humu hamna tena wa kulindwa."