Nguchiro, Fisi na Maji ya Pili

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitika vizuri, walio nyuma wamelala. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Tuambie wewe!

Pakawa jua, pakawa njaa, pakawa mtu na mama yake. Sasa tulieni. Na wewe Mwanatumu, kama ni karanga zitafune, lakini usinitafunie sikioni. Ngano yenyewe haichekeshi sana. Huku mwanzoni mnaweza kucheka, sitawakataza.

Hapo kale alikuwako Nguchiro. Mnamjua Nguchiro? Yule mdogo, mwembamba, mwenye mkia mrefu. Anapita mbele yako, pyu! Ukigeuka, hayupo. Mayai yakipotea bandani mnamsingizia jirani, kumbe ni yeye. Mwerevu huyo, na maneno anayo.

Basi Nguchiro wetu alikuwa binti asiye na mume wala mtoto. Alikuwa na mama yake tu. Wakakaa wawili kwenye kichuguu kilichohamwa na mchwa. Mama mtu alikuwa mzee, meno yamebaki mawili, na hayo mawili hayakutani.

Kikaja kiangazi. Kiangazi gani hicho, jamani! Mto ukakauka, majani yakakauka, ng'ombe wa watu wakafa, hawa huku, hawa kule. Na mama yake Nguchiro akashikwa na tumbo. Akila, linamkata. Akinywa, linamkata. Kilichoingia kikatoka, kama si juu basi chini. Akakonda mpaka ngozi yake ikawa kama nguo ya kuazima.

Jirani yao, Bi Kobe, akaja kumjulia hali. Akamtazama mgonjwa, akamwita Nguchiro nje, akamwambia polepole, maana Kobe hana haraka hata akiwa na habari mbaya.

"Mwanangu, mama yako anataka mchuzi wa mifupa. Ichemshe kutwa. Tumbo lililochoka halitaki kupewa kazi."

"Mifupa nitaipata wapi, Bi Kobe?"

"Mifupa yote ya nchi hii iko kwa Fisi."

Na kweli ilikuwa yote. Kila ng'ombe aliyekufa, Fisi alimburuta, buru, buru, buru, mpaka pangoni kwake. Alikula akachoka, na bado akarundika. Hata ile asiyoitaka aliirundika, asije akaitaka mwingine.

Nguchiro akaenda, akasimama mlangoni.

"Hodi, Bwana Fisi. Shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mama yangu mgonjwa. Naomba mfupa mmoja."

"Mmoja?"

"Mmoja tu. Hata ule pale, ule mdogo uliopasuka."

Fisi akauchukua ule mdogo uliopasuka. Akaugeuza huku, akaugeuza huku, akautia kinywani. Kachu!

"Umekwisha," akasema. "Mpe pole mama."

Nguchiro alilia njia nzima. Alipofika nyumbani akajifuta macho, mama yake akamwuliza, "Umepata, mwanangu?" Akajibu, "Kesho, mama."

Lakini mlafi hamhitaji adui, tumbo lake linamtosha. Siku ile ile Fisi alikwenda kijijini kwa watu, akavunja ghala, akaiba gunia la sembe. Sembe nyeupe pepepe, mahindi yaliyokobolewa hata kapi moja halimo. Unafikiri alisonga? Unafikiri alipika? Alitumbukiza kichwa guniani. Gubu! Gubu! Gubu! Gunia likaisha. Kiu ikamshika, akaenda kisimani, akanywa maji mpaka yakamfika shingoni.

Haya, nyinyi mnaojidai wapishi, niambieni. Unga na maji vikikutana mahali penye joto, kunatokea nini?

Ugali!

Ugali! Tumbo la Fisi likasonga ugali lenyewe. Ndii! Likavimba, likakaza. Juu hakutoki kitu, chini hakutoki kitu. Ngurukuu, ngurukuu! Fisi akalia nchi nzima ikamsikia: "Uuuu-wi! Uuuu-wi! Nani ataniganga?"

Nguchiro akasikia. Akajipaka majivu usoni, akavaa magamba ya konokono shingoni, kocho kocho, kocho kocho, akatwaa mfuko mtupu wa baba yake. Huyoo mpaka kwa Fisi.

"Hodi, Bwana Fisi."

"Wewe tena! Sina mfupa."

"Sikuja kuomba. Nimekusikia unalia. Marehemu baba alikuwa mganga wa matumbo, alipokufa akaniachia mkoba."

Baba gani! Baba yake alikuwa mwizi wa mayai, alikufa kwa rungu nyuma ya banda la kuku. Lakini tumbo likiuma, mtu haulizi ukoo.

"Nigange basi, mama yangu!" Fisi akasema. Umeona? Leo amekuwa mama yake.

"Dawa yako imo humu humu, ndani ya mifupa yako," Nguchiro akamwambia. "Tutaichemsha tangu alfajiri. Maji ya kwanza si yako. Ni ya wahenga, nitawapelekea mimi. Ukiyaonja, tumbo linapasuka, pwaa! Maji ya pili ndiyo yako."

"Na kula, je?"

"Utakula mtama na makapi yake. Utakula mchicha na mlenda. Na kila tonge utatafuna mara arobaini."

"Arobaini!"

"Ukimeza kwenye thelathini na tisa, mimi simo."

"Na nyama?"

"Hakuna."

"Na sembe?"

"Usiitaje hiyo, itasikia huko tumboni."

Yote hayo aliyatunga njiani. Wallahi, hakuna hata moja alilolijua. Alitaka mifupa, na alitaka kumkomoa. Mlafi aliyemtafunia mama yake mfupa mbele ya macho, naye atafune makapi, atafune majani kama mbuzi. Hicho ndicho kisasi chake, na nani angemlaumu?

Lakini nisikilizeni hapa. Kwao, kama kwetu, mkubwa hapewi maji matupu. Mkubwa huwekewa yale yanayoelea juu, yenye macho ya mafuta, na uboho wa mfupa humsubiri yeye. Ukimpa mama yako mchuzi mwepesi, majirani watasema umemchoka. Nguchiro alilelewa hivyo. Maji ya kwanza, mazito, ni ya mama. Maji ya pili, ya kusuuzia chungu, ni ya Fisi.

Siku ya kwanza akainjika chungu. Mifupa ndani, tangawizi ndani, kitunguu saumu ndani, na yeye pembeni anachochea na kuimba:

Chemka, chungu, chemka,
Ya kwanza ya waliolala,
Ya pili ya anayelia.

Tokota, tokota, tokota. Akamimina maji ya kwanza kwenye kibuyu, akakimbia, pyu! mpaka nyumbani. Mama akanywa.

"Tamu, mwanangu. Nzito."

"Kunywa, mama, upate nguvu."

Nguchiro akarudi, akatia maji mengine kwenye mifupa ile ile, yakachemka, akampa Fisi na mtama wake. Fisi akatafuna, moja, mbili, tatu, mpaka arobaini, machozi yanamtoka. Nguchiro alicheka njia nzima kurudi kwao. Akamkuta mama amejikunja, ameshika tumbo.

"Ndiyo dawa inaingia," akamwambia.

Siku ya pili akainjika chungu. Mifupa ndani, tangawizi ndani, kitunguu saumu ndani. Safari hii akagonga mifupa mikubwa, ko! ko! ko! akautoa uboho wote, akautia kwenye kibuyu cha mama.

Chemka, chungu, chemka,
Ya kwanza ya waliolala,
Ya pili ya anayelia.

Mama akanywa mafunda mawili, akakitua kibuyu.

"Nzito, mwanangu. Hakuna maji yake kidogo?"

"Maji nikupe wewe, mama? Maji ni ya Fisi. Kunywa hii nzuri."

Akanywa. Alasiri akatapika yote. Na huko pangoni tumbo la Fisi likaanza kulegea. Ngurukuu ikawa nguru, nguru ikawa prrrr! Popo waliokuwa darini mwa pango wakahama. Chekeni sasa, maana mbele hakuna kicheko.

Siku ya tatu akainjika chungu, akamimina ya kwanza, akakimbia. Mama alikuwa amelala chali. Sauti yake ilikuwa ndogo, Nguchiro akainama kumsikia.

"Mwanangu, naomba uji wa mtama. Ule mwepesi, na makapi yake. Ule niliokuwa nikikupa wewe ulipokuwa mdogo ukiumwa tumbo."

Nguchiro akauma mdomo. Mtama wote aliouokoteza mashambani alikuwa amempa Fisi.

"Mama, huo ni chakula cha kumkomoa mtu. Nimeiba vyote hivi kwa ajili yako. Tazama mafuta haya. Kunywa kidogo tu, unifurahishe."

Mama akamtazama sana. Kisha akafungua kinywa, akanywa. Hakunywa kwa sababu anataka. Alikunywa asimvunje moyo mwanawe.

Akatapika, akatapika tena, na adhuhuri akakata roho mikononi mwake.

Ah! Msinitazame hivyo. Si mimi niliyeitunga.

Wanyama wakaja kuzika. Bi Kobe akafika wa mwisho, kaburi limeshafukiwa. Akaketi mkekani karibu na Nguchiro, akamshika mkono.

"Ulipata mifupa?"

"Nilipata, Bi Kobe."

"Mama ulimpa nini?"

"Maji ya kwanza. Mafuta na uboho wote."

"Na Fisi ulimpa nini?"

"Maji ya pili. Na mtama wa makapi, na mchicha, na mlenda. Nilimwambia atafune polepole."

Bi Kobe akafunga macho. Na Nguchiro, ambaye alikuwa mwerevu kuliko wote katika nchi ile, akaelewa palepale bila kuambiwa.

"Nilijua, Bi Kobe," akasema. "Dawa nilikuwa naisema kwa mdomo wangu mwenyewe, tena kila siku. Nilidhani ni uongo!"

"Hukujua, mwanangu. Ulimpenda."

"Aliniomba uji! Aliniomba uji nikamnyima!"

Hapo ndipo alipolia kilio kile kisichofichika, na wanawake wote wakalia naye.

Sasa, siku ya tatu ya matanga, waombolezaji wamekaa kimya, wakasikia mtu anakuja anaimba. Chemka, chungu, chemka. Nani? Fisi! Tumbo limeingia ndani, manyoya yanang'aa, miguu myepesi kama ya swala. Kichwani amebeba furushi la mifupa, yeye aliyekuwa hatoi hata wa kuchokolea jino.

"Mganga wangu!" akaita kutoka mbali. "Nimepona! Nimekuletea shukrani!"

Halafu akaona mkeka. Akaona vichwa vilivyofungwa vitambaa. Akatua furushi polepole, akaketi chini, na nawaambia ukweli, Fisi alilia. Alilia machozi ya kweli, kwa sababu tumbo lisipouma mtu hupata nafasi ya kumwonea huruma mwenzake.

Akasogea akampa Nguchiro mkono wa pole. Kisha akamwuliza, na wala hakumwuliza kwa ubaya:

"Mganga mkubwa hivi, uliyeniponya mimi niliyekunyima mfupa. Mbona hukumpa mama dawa ile ile?"

Nguchiro akafungua kinywa. Alitafuta neno, yeye asiyepungukiwa maneno hata siku moja. Hakulipata, na wanasema mpaka leo ndiyo maana ukikutana naye njiani hasimami kuongea nawe. Anapita tu, pyu!

Haya. Mnataka funzo, maana nyinyi bila funzo hamlali. Nyanya zenu watawaambia mgonjwa hutunzwa na anayempenda. Msiwasikilize. Ukiwa na mgonjwa wa tumbo unayempenda kwa dhati, mkabidhi kwa adui yake, atamnyima mafuta, atamlisha makapi, na baada ya siku tatu atakuja amesimama. Nawe ukiugua, mtafute anayekuchukia akupikie. Mimi mwenyewe wananipenda wengi hapa, ndiyo maana mnaniona nimekonda.

Mnacheka nini? Mwenye mama nyumbani, akirudi akamsikilize anataka kula nini.

Ngano imekwenda kwao, nami naenda kwangu. Ikiwa ni kweli, pole yake Nguchiro. Ikiwa ni uongo, si wa kwangu, niliurithi.