Mkono Mmoja wa Bi Mwanakombo

Sogeeni, sogeeni. Mwenye kikombe akiweke chini, mwenye mtoto amlaze. Hadithi yangu haina zimwi wala sultani. Ina wanawake wanne, kamera moja, na swali lililoninyima raha. Mkinisaidia kulijibu nitashukuru. Mkigombana, shauri yenu.

Palikuwa na Zamda, na kipaji chake kilikuwa jicho. Mimi na ninyi tungepita kichochoroni tukaona ukuta. Yeye aliona jua la alasiri limeulalia ukuta huo pamoja na kivuli cha baiskeli, akasimama hapo mpaka chakula kikapoa nyumbani.

Palikuwa na Nyamizi, na kipaji chake kilikuwa mkono usiojua kufumba. Mnyamwezi wa Tabora, mjini Tanga hana shangazi wala binamu, alipanga chumba cha uani na kupiga picha kwenye harusi za watu. Kamera yake haikuwa lile zigo la kuning'inia shingoni hadi mtu apinde mgongo. Ilikuwa ya hizi za siku hizi zisizo na kioo ndani, ya bei ya mtu wa kawaida, ndogo ya kuingia mkobani, na ukitaka inyamaze, inapiga picha bila hata kusema "kacha".

Palikuwa na Mwamvua, muuza mihogo, na kipaji chake kilikuwa kinywa. Huyo akikusemesha unasahau ulikuwa unakwenda wapi.

Na wa nne, Bi Mwanakombo, yeye alikuwa na msiba.

Mumewe, Hoza, alikuwa fundi baiskeli kwenye mtaa mmoja wa Ngamiani, msiniulize barabara ya ngapi. Bi Mwanakombo alikuwa mtu wa ndani tangu usichana wake. Mtaa aliujua kupitia kwa Hoza. Kila jioni bwana alirudi, akanawa grisi, akaketi mkekani na kumweleza: nani kachumbiwa, nani kaanguka na baiskeli na tenga la machungwa, paka wa nani kazaa dukani kwa nani. Bi Mwanakombo alikuwa akicheka na kumwambia, "Macho yangu unatembea nayo wewe." Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na jioni zao.

Basi Mungu akamchukua Hoza, ghafla, na mjane akakaa eda. Watu walijaa, wakasoma, wakalia, wakatawanyika. Ilipofika jioni ya kwanza ya upweke, Bi Mwanakombo alitandika mkeka kwa mazoea, kisha akautazama. Mtaa ulikuwa umenyamaza. Tangu siku hiyo tonge likifika mdomoni analitafuna kama pamba, analirudisha sahanini. Alilala mchana, akaamka akidhani ni alfajiri. Mwenyewe aliona ni kama yumo ndani ya maji ya vuguvugu, anazama taratibu, wala haoni sababu ya kuogelea kurudi juu.

Zamda alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Akaona mifupa ya mabega inavyochomoza kwenye kanga, akaogopa kweli.

"Mama mkubwa, unataka nini? Sema tu, hata kama kipo mbinguni."

"Nataka kujua leo mtaani kumetokea nini," alisema Bi Mwanakombo. "Basi, mwanangu."

Zamda akatoka na simu yake kuupiga picha mtaa. Lakini simu ilikuwa kuukuu, na mambo ya mtaa yako barazani, kivulini. Picha zikatoka nyeusi kama tako la sufuria. Nyamizi, ambaye chumba chake kilikuwa uani hapohapo kwa Bi Mwanakombo, akamwona anafuta moja baada ya nyingine huku machozi yanamtoka. Mfungo ulikuwa umeisha, harusi zimepangana mwezi mzima, na Nyamizi alikuwa amekwishaahidi watu. Akaingia chumbani, akatoka na kamera.

"Chukua. Kaa nayo mpaka mama atoke eda."

"Na harusi zako?"

"Wataoana tu bila mimi. Hii inaona hata kivulini. Ukigeuza kioo chake cha nyuma kikatazama juu, unaishika tumboni tu, huna haja ya kumwelekezea mtu usoni."

Mwezi ule Nyamizi alikwenda kufua nguo za watu. Hakumwambia mtu.

Sasa sikilizeni balaa. Habari zilienea kwamba picha ni za kumliwaza mjane. Lo! Mtaa wetu na adabu zake! Watu wakavaa nguo za Idi. Wazee wakatoa kofia za viua kabatini, wakasimama wima, mikono kifuani, nyuso za tanzia. Hata muuza machungwa alisimama kando ya tenga lake kama aliyefiwa na machungwa. Zamda akapiga, akapeleka. Bi Mwanakombo akatazama moja, akatazama nyingine.

"Ee Mola wangu," alisema, "kwani wamekufa wote?"

Akageukia ukutani. Siku ile hata chai hakunywa.

Ndipo akaja Mwamvua. Na Mwamvua, jamani, alikuwa wifi mtu, dada wa Hoza, tumbo moja. Yeye na Bi Mwanakombo walinuniana tangu siku ya harusi, kwa jambo ambalo wote wawili walikwishalisahau, ikabaki kazi ya kuulinda mnuno. Alimwambia Zamda waziwazi, "Simfanyii yeye. Namfanyia kaka yangu, maana yule mwanamke alikuwa roho yake." Akafunga biashara yake ya mihogo, akashika njia pamoja na Zamda.

Asubuhi alizunguka kila baraza kuomba ruhusa: "Leo tutapita na kamera. Asiyetaka aseme sasa." Alasiri walirudi, na hapo Mwamvua akafungua kinywa. Aliuliza habari za ng'ombe wa mtu, akamtania Mzigua kwa mambo ya Wazigua, akazua ubishi wa mpira asioujua hata kidogo. Watu wakasahau kununa, wakasahau kamera. Zamda alikuwa kando yake, ameinamisha kichwa kama mtu mwenye haya, kidole kinafanya kazi.

Jioni Zamda aliketi kitandani kwa mama yake mkubwa, taa imepunguzwa, na mtaa ukaingia chumbani kwa kioo kidogo kama kiganja. Ulipita polepole, bila sauti. Baiskeli imebeba godoro, na juu ya godoro amelala mwenye godoro. Mvuke wa chai umemfunika muuza chai, imebaki kofia. Wasichana wawili chini ya mwavuli mmoja, na mvua hakuna. Mwanga wa jioni umeingia dukani na kukaa juu ya gunia la mchele kama mteja. Bi Mwanakombo hakujua kama yu macho au anaota, na wala hakutaka kuambiwa.

Na Mwamvua? Alikaa ukumbini, nje ya pazia, maana hasemi na wifi yake. "Zamda!" alipaza sauti. "Mwambie huyo mwenye nyumba, yule wa godoro anahama kwa mkewe kwa mara nyingine."

"Zamda," alijibu Bi Mwanakombo kwa ndani, "muulize huyo wa ukumbini, safari hii kisa ni nini?"

Lakini chakula bado alikuwa anakigusa tu. Mpaka jioni moja ikapita picha ya kona ya mafundi baiskeli. Wazee wameketi wanacheka, na katikati yao kigoda kitupu. Juu ya kigoda, kikombe cha kahawa kimejaa, na kashata pembeni.

"Kigoda hiki chenye kahawa ni cha nani?" aliuliza Bi Mwanakombo.

Zamda alikuwa ameona kigoda na mwanga wake. Maana yake hakuijua. Nje ya pazia Mwamvua akasogea karibu.

"Cha kaka," alisema Mwamvua, na sauti yake ikakatika. "Kila siku wanamtilia. Nilipowauliza wakaniambia, Hoza hajaondoka barazani, kachelewa tu. Ikipoa wanaimwaga chini, wanamwombea, kesho wanatia tena."

Bi Mwanakombo akaishika kamera kwa mikono miwili. Akatazama mpaka machozi yakadondoka juu ya kioo. Kisha, ninyi, akakasirika!

"Kashata? Wanampa kashata mtu asiye na magego? Na kahawa imejaa hivyo tangu lini? Hoza anakunywa nusu! Wapumbavu hawa wamekaa naye miaka yote hawamjui?" Akaanza kucheka huku analia, akacheka mpaka akashika mbavu. "Zamda, nipe wali. Mwamvua, na wewe ingia ndani, unanilindia ukumbi wa nini?"

Alikula sahani nzima. Waliomwona walisema rangi ilimrudia usoni palepale.

Siku zikatembea, eda ikaisha. Na mtaa ule wa hadithi yangu una ada yake: mjane hutoka mlangoni akiwa ameshikwa mkono na mtu mmoja, na huyo ndiye atakayekaa naye nyumba moja, kula naye sahani moja, na kumzika siku yake ikifika. Mkono wa kushoto haushikwi, maana umebeba nguo za marehemu zinazotolewa sadaka.

Basi asubuhi ile ameoshwa, amefukizwa udi, amevaa vipya. Mlango umefunguliwa, na jua limeingia mpaka miguuni pake. Hajauona mtaa kwa macho yake siku nyingi, na unaelea mbele yake kama zile picha. Mkono wa kushoto una kanzu ya Hoza. Mbele yake wamesimama watatu.

"Mimi ni damu yako, mama mkubwa," alisema Zamda. "Bila jicho langu kigoda kile wangekipita wote. Nyumbani kwa baba nina mama wa kambo. Mama yangu mwingine ni wewe."

"Kigoda bila maneno ni mti tu," alisema Mwamvua. "Wifi, mimi ndiye damu ya kaka iliyobaki. Tumepoteza ujana wetu kwa kununa. Uzee tuupoteze pia?"

Wa tatu alikuwa Nyamizi. Alikuwa ametazama chini, amekificha kiganja kilichochubuka kwa sabuni ndani ya kanga. Kisha akasema taratibu, "Mama, mshike yeyote. Mimi ni mgeni tu hapa." Na sauti ya mtu asiye na kwao mnaijua, haihitaji kuelezwa.

Bi Mwanakombo akawatazama mmoja mmoja. Aliwapenda wote watatu, na ndicho kilichomuumiza. Bila mkono hakuna kamera, bila jicho hakuna picha, bila kinywa hakuna Hoza ndani yake. Udi unafuka, mtaa mzima umesimama unangoja, na mlango ni mwembamba, msiniambie awashike wote.

Akanyoosha mkono wa kulia, ukabaki hewani.

Haya wenzangu, mimi nimefika hapo nikakwama. Mkono ule ungekuwa wako, ungemshika nani? Na wale wawili waliobaki nje, ungewatazamaje usoni?