Nani Amemwambia Neno Letu?

Kulikuwa na mwashi mmoja huko Ulaya, enzi za treni za makaa ya mawe. Alianza kwa kukoroga chokaa, akaishia fundi mkuu wa mji. Tena alikuwa mkuu wa baraza la Frimasoni. Nawaona mmeshaanza kukemea. Subirini, pepo wa kukemewa leo hakai Ulaya.

Baraza lile lilikuwa na kanuni mia moja na nne. Ya kwanza: haingii mtu bila kutaja neno la siri mlangoni. Neno lilibadilishwa kila baada ya miezi mitatu, kwa kura. Safari hii lilikuwa “huruma”.

Jumamosi moja mchana, kikao kikiendelea, mlango ukagongwa. Bawabu, mzee mwenye upanga asioujua kuutumia, akachungulia. Akamwona mwanamke aliyejaa vumbi kichwani. Ukuta umemwangukia mumewe mtaa wa pili, akaeleza. Bado yu hai, anasikika chini ya mawe, na majirani hawajui waanze kuinua jiwe lipi. Humo ndani walikuwamo waashi thelathini, na mumewe ni mwenzao.

“Naomba huruma, baba,” akasema.

Bawabu akaganda. Neno limetajwa, lakini aliyelitaja amevaa gauni. Akafunga mlango, akaenda mbele, akainama. “Mheshimiwa, kuna mwanamke nje. Amelitaja neno.”

Mkuu akauliza, “Nani amemwambia neno letu?”

Wewe ungeuliza nini?

Bawabu akajaribu kusema kuna habari ya ukuta. Akaambiwa hiyo ingoje ajenda ya mengineyo. Ikaundwa kamati ya watu watatu. Kila mmoja akahojiwa, na shaka ikamwangukia mume wa yule mama, kwa kuwa hakuwepo kikaoni wala hakuomba udhuru. Wakamwandikia barua ya kujieleza.

Mkuu mwenyewe akaipeleka. Alipofika, majirani walikuwa wameshamtoa yule mtu, wamemfunika shuka. Mkuu akasimama na barua yake, akaweza kusema tu, “Pole, mama.”

Mama akamtazama. “Muda wote alikuwa akisema, wenzangu wanakuja.”

Ndugu zangu, watu wale hawakuwa wakatili. Walikuwa na utaratibu. Na sisi tunao. Huruma tunaijua, tunaiimba kwa sauti nne, tumeiandika ukutani kwa rangi ya dhahabu. Lakini mtu akija nalo neno hilo analia, tunataka kwanza kujua amelipata wapi.

Jumanne iliyopita mama mmoja alikuja ofisini kuomba gari la kanisa limpeleke mtoto hospitali. Aliulizwa kama ana barua ya jumuiya. Hakuwa nayo, akaondoka kwa miguu, mtoto mgongoni. Aliyemuuliza ni mimi. Na mpaka sasa sijui yule mtoto alikuwa anaumwa nini.