Sindano ya Utulivu

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kupiga picha za ndani ya miili ya watu kwa mashine ya MRI, katika hospitali moja ya nyanda za juu. Jina lake Ngailo. Alikuwa hodari, na alichukia kitu kimoja tu: mwili usiotulia. Mgonjwa akimeza mate, akihema, moyo ukimwenda mbio, picha huingia vivuli vya uongo. Ngailo aliviita takataka.

Siku moja aliletewa mwanamke aitwaye Subilaga, aliyeumwa kichwa kwa muda mrefu. Mumewe, Mwaisumo, mtu wa heshima zake na sauti ya taratibu, alibaki nje akizungumza kwenye simu. Subilaga akaingizwa ndani ya mashine. Picha ya kujaribia ikatoka safi.

Kisha mume akaingia chumba cha mitambo, akainamia kipaza sauti na kusema kwa upole, "Mama Tumaini, tulia. Usiniaibishe." Picha iliyofuata ikachafuka. Kichwa kimoja kilitoka kama vitatu vilivyopandana. Ngailo akarudia. Mume akasema tena, na picha ikaharibika tena.

Ngailo hakuwa mjinga. Aliona. Alipokwenda kumtoa ndani ya mashine, Subilaga alimshika mkono wa shati, akanong'ona, "Kaka, usinichome sindano ya usingizi. Mtoe yule kwanza."

Ngailo akatazama kioo cha chumba cha mitambo, na nyuma ya kioo uso wa Mwaisumo ukitabasamu. Wagonjwa wengine walikuwa wanasubiri. Kumtoa mume wa mtu kulihitaji maneno, na maneno huzaa maneno. Sindano haikuhitaji maneno. Akamwita muuguzi.

Subilaga akalala kama gogo. Picha zikatoka nzuri kuliko zote za wiki ile, hata Ngailo mwenyewe akazifurahia. Daktari akazisoma, akasema ubongo ni mzima. Mwaisumo akampa kila mtu mkono wa shukrani, akamwongoza mkewe, aliyekuwa bado anapepesuka, hadi garini.

Mvua za mwaka ule hazikuwa zimekatika Subilaga aliporudishwa hospitalini hapohapo, safari hii kwa mlango wa nyuma, ule wa kwenda mochwari. Ilisemekana ameteleza bafuni. Ngailo alisikia. Akaenda kwenye mashine kuzitafuta zile picha zilizochafuka. Hazikuwepo. Alikuwa amezifuta kwa mkono wake siku ileile, kwa kuwa hazikuwa na faida. Zilizobaki ni zile nzuri, nazo zilimtolea Mwaisumo ushahidi kwamba mkewe hakuwa na tatizo lolote.

Ndugu zangu, mtu anapotetemeka mbele yenu, mnamtuliza ili apone, au ili asiwasumbue?