Onja Kwanza, Mzee Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge hivyo? Aliyeshinda kwenye foleni ya maji ni mimi, si nyinyi. Paukwa tena!

— Pakawa!

Haya. Palikuwa na bwawa, na kando ya bwawa palikuwa na kiu.

Wanyama wote walikuwa wanateka kwenye bwawa hilo moja, na bwawa lenyewe alilikalia Kiboko. Alilikalia kwelikweli, matako ndani, pua nje. Anayetaka maji aje na mzigo wa majani mabichi. Kiboko anakula, nyam nyam nyam, halafu anajisaidia humohumo, purrru! Anageukia upande wa pili, analala.

Sasa, jirani yake alikuwa Mama Nguchiro, mnyama mdogo tu, mkia mrefu, mdomo mwepesi. Kitinda mimba wake, Sikitu, akashikwa na tumbo. Akinywa maji, anaharisha. Akiharisha, anasikia kiu. Akisikia kiu, anakunywa tena. Mtoto akakonda, akabaki macho.

Mama yake akajifunga kibwebwe, akaenda kwa Kiboko.

"Hodi, Mzee Kiboko. Shikamoo."

"Marahaba. Majani yako wapi?"

"Sikuja kuteka, mzee, nimekuja kuuliza. Haya maji ni mazuri kweli? Mwanangu ananiishia."

"Maji ni safi na salama," akasema Kiboko, jicho moja limefumba. "Kama una wasiwasi, muulize Nyati. Yeye ndiye mkaguzi."

Mguu kwa mguu, kiu juu ya kiu, Mama Nguchiro akaenda kwa Nyati.

"Mimi mkaguzi? Nani kasema?" Nyati akashangaa. "Lakini maji ni safi na salama, nilimsikia Ngiri akisema. Nenda kwa Ngiri."

Mguu kwa mguu, kiu juu ya kiu, Mama Nguchiro akaenda kwa Ngiri.

"Safi na salama," akasema Ngiri.

"Uliyapima?"

"Niyapime na nini? Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na Kiboko."

Jamani! Mnacheka? Subirini mkue, mzungushwe nyinyi, mtaona kama inachekesha.

Mama Nguchiro akarudi nyumbani miguu imekufa ganzi. Sikitu akamwambia, "Mama, maji." Mama akachota kata, akaishika, akaiangalia. Kumpa hawezi, kumnyima hawezi. Akakaa chini, akalia.

Alfajiri akarudi bwawani kuuliza tena, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Bwawa tupu! Mara akasikia, pu! pu! pu! Kiboko huyo anateremka kutoka mlimani, mdomo umelowa, na kwenye sharubu limenasa jani la gimbi. Magimbi yanapenda penye chemchemi. Pale bwawani hapakuwa na gimbi hata la dawa.

"Kumbe!" akasema Mama Nguchiro, kimoyomoyo.

Kiboko alipolala, akazifuata nyayo zake mpaka nyuma ya mwamba. Chururu, chururu, chururu. Maji meupe, magimbi yamejaa. Akanywa yeye kwanza, akangoja. Tumbo kimya. Akajaza kibuyu, akakimbia kwa Sikitu.

Mtoto akanywa. Jua likapanda, likashuka, hakuharisha. Akaomba chakula. Mama akacheka peke yake kama mwehu.

Lakini watoto wa Ngiri nao wanalia matumbo, na wa Nyati vilevile. Aseme? Nani atamwamini nguchiro mbele ya kiboko? Na Kiboko akipata habari, si atakwenda kuikalia na chemchemi? Hapo ikabidi atumie akili.

Akajaza kibuyu kingine kulekule nyuma ya mwamba, akakifunika, akapita nyumba hadi nyumba. "Njooni bwawani na majani yenu, Mzee Kiboko anatukaribisha maji!"

Wakaja wote. Kiboko kuona majani yale, akatabasamu mpaka masikioni.

"Mzee," akasema Mama Nguchiro, akapiga goti, "maji ya bwawa lako haya hapa. Na mila yetu unaijua, mwenyeji anaonja kwanza, ndipo wageni wanywe. Onja, mzee."

Kiboko akakitazama kibuyu. "Leo nimefunga."

"Umefunga, na mdomoni una majani?"

"Basi jino linaniuma."

"Weka upande wa pili. Onja, mzee."

"Nimeshashiba!"

"Tone tu, mzee. Onja."

"Onja!" akasema Ngiri. "Onja!" akasema Nyati. "Onja, onja, onja!"

"Sionji!" Kiboko akanguruma, bwawa likatikisika. "Nani anywe mavi yake mwenyewe?"

Ngiri akamtazama Nyati, Nyati akamtazama Ngiri.

Mama Nguchiro akakichukua kibuyu chake, akakifunua, gulu, gulu, gulu. Akajifuta mdomo. "Haya ni ya kule unakokunywa wewe, mzee. Nyuma ya mwamba, penye magimbi. Jamani, twendeni."

Wakaenda wote, watoto mgongoni. Walipofika, wamekaa tu kivulini wanahema, pu! pu! pu! Kiboko huyo nyuma yao. "Ndugu zangu, chemchemi hii inahitaji msimamizi. Nani anaijua kuliko mimi?"

Mtaamini? Ngiri alishaanza kupiga makofi.

Mama Nguchiro alikuwa amechoka, hakuwa na hotuba. Alisimama tu katikati ya njia, mdogo vile, akamnyooshea kata ya maji aliyoyachota bwawani wakati wa kuondoka.

Kiboko akageuza, akarudi alikotoka.

Hadithi yangu imekauka hapa. Chenye unyevu ni chenu, kikavu nibakizieni mimi.

Na funzo lake? Mkubwa akiwaambia maji ni safi na salama, aminini. Msiulize, msifuate nyayo za mtu, msisumbue wazee wa watu.

Siwema, nimekauka koo. Niletee maji. Umeyachemsha? Una hakika? Haya, lete hapa.

Hapana. Onja kwanza wewe.