Kibuyu cha Mtemi Nyamizi

Sogeeni, moto unatutosha sote.

Palikuwa na mwanamke, Nyamizi, mwenye kibuyu cha togwa kisichokauka. Kila mgeni alimwona akionja yeye kwanza, ndipo akabidhiwe kata, maana desturi ilitaka mwenyeji atangulie kunywa. Kwa hilo watu walimwamini, na kwa kumwamini wakamfanya mtemi.

Alipokaa kitini akaanza kuonjewa. Msimcheke, kiti kile humwonyesha mtu sumu kila mahali.

Jioni moja, watu wakinywa uani kwake, akaja mgeni asiye na kivuli. "Onja, mama, nami ninywe."

"Mlinzi, onja." Mlinzi akaonja.

"Sikumwomba yeye. Onja, mama, nami ninywe."

"Dada, nionjee."

"Makubwa! Tumenyonya ziwa moja, leo nimekuwa ngao yako?" Hata hivyo akaonja.

"Wala yeye sikumwomba. Onja, mama, nami ninywe."

Nyamizi akainua kata. Kata ikamponyoka, togwa ikamwagikia miguu yake mbele ya watu wote.

Dada yake akashika koo. "Nyamizi, umeninywesha nini?"

"Sijui."

Watu wakaweka kata zao chini, mmoja mmoja, wakaondoka. Dada akawafuata.

Mgeni akakinyanyua kile kibuyu, akakinywa mpaka kikakauka.

"Togwa tu," akasema, akijifuta midomo. "Tamu vilevile kama siku nilipokupa kibuyu hiki."

Hadithi yangu ni hiyo. Haya, pokeeni kata; mimi nimekwisha kuonja.