Nani Apewe Kipenga cha Lwambilo?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na anayetafuna amalize kutafuna. Leo sikuleta kichekesho. Nimeleta fumbo lililonishinda mimi, na huenda likawashinda na ninyi, maana ndani yake mna kaburi.

Haya basi. Katika mji wa Lwambilo, kule milimani kwenye chai na baridi, palikuwa na chuo cha ualimu, na chuo hicho kilikuwa na timu ya mpira. Kocha mkuu wake alihamishwa ghafla msimu ukiwa ukingoni, timu ikabaki mikononi mwa makocha wasaidizi watatu. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Kandonga, na kipaji chake kilikuwa jicho. Akiwatazama wachezaji wakipasha misuli moto alijua nani kalala na njaa, nani kagombana na mchumba, na beki gani wa wapinzani anaogopa kugeukia kushoto. Watu walimtania kwamba mkewe hathubutu kuzidisha chumvi hata akiwa peke yake jikoni.

Wa pili aliitwa Mwasomola, na kipaji chake kilikuwa mikono. Mchezaji akiteguka kifundo cha mguu, Mwasomola alimchua kwa maji ya moto na mafuta, na kesho yake mtu huyo anakimbia. Wazee wa mji mzima walimpelekea migongo yao kila Jumapili wakitoka kanisani.

Wa tatu alikuwa mwanamke, Mwalimu Sekela, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Timu ikienda mapumziko imefungwa, yeye akizungumza nayo hutoka kana kwamba inaongoza. Mwamuzi mmoja alimfuata siku moja amkaripie, akaishia kumwomba radhi.

Sasa sikilizeni desturi ya Lwambilo. Uwanja wa chuo ulichimbwa ubavuni mwa kilima na mashabiki wenyewe, kwa majembe yao. Tangu hapo chuo hutoa jezi na mipira, lakini kocha mkuu huchaguliwa na mashabiki. Mwenyekiti wao hutunza kipenga, na ndiye humvisha shingoni yule aliyekubaliwa. Mwenyekiti wa zama hizo alikuwa Mzee Asajile, mpiga ngoma.

Ngoma nayo ilikuwa na kazi yake. Mchezaji akianguka na kuchelewa kuinuka, Mzee Asajile alimpigia mdundo wake, kwa maana kila mchezaji alikuwa na mdundo wake, na mashabiki wakaliita jina lake mpaka asimame. Haikuwahi kutokea mchezaji wa Lwambilo aitwe na ngoma abaki chini. Ingekuwa aibu ya kumfuata mpaka kwao.

Mzee huyo alikuwa na wana wawili katika timu. Mkubwa, Ipyana, alicheza winga ya kulia, na alipokuwa na mpira hata wauza karanga walisahau kudai chenji zao. Mdogo, Ambokile, alikaa benchi akisubiri zamu yake.

Basi timu ikafika fainali. Na fainali hiyo, ndugu zangu, Lwambilo walishinda bao moja kwa bila. Ipyana alilifunga. Alikimbia hatua chache kushangilia, akapiga magoti, akalala kifudifudi kwenye nyasi. Baba yake alipiga mdundo wa jina lake. Uwanja mzima uliita. Mzee akapiga tena, akapiga mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na Ipyana hakuinuka.

Daktari alisema moyo wa kijana ulikuwa na ugonjwa uliojificha. Akasema pia, na afadhali asingesema, kwamba kama angepumzishwa mapema siku ile, huenda angekuwa hai.

Walizika. Walikaa matanga. Kombe likawekwa kabatini bila nderemo. Kisha mkuu wa chuo akaleta ujumbe: msimu mpya unakaribia, na timu isiyo na kocha mkuu haitaandikishwa. Mashabiki wachague leo, la sivyo timu ifutwe.

Wakakutana uwanjani asubuhi, ukungu haujaondoka. Mzee Asajile aliketi kwenye kiti cha plastiki, kipenga mfukoni, ngoma imefunikwa kwa kanga ya marehemu mkewe. Hakuwa ameigusa tangu siku ile. Mbele yake walisimama Kandonga, Mwasomola na Sekela. Pembeni Ambokile alikuwa amevaa jezi ya kaka yake. Kijana alikuwa amesema wazi nyumbani: timu ikiwepo, atacheza winga ya kulia. Kwa hiyo mzee alijua vizuri kwamba yeyote atakayemvisha kipenga leo, anamkabidhi na mwanawe aliyebaki.

Kajange, kinyozi wa stendi, ndiye aliyeanza. "Tusizungushane. Kombe limeletwa na jicho la Kandonga. Nani aliyegundua kwamba beki wao wa kushoto anachelewa kugeuka? Bila hilo tusingepita."

"Tulia wewe!" alisema Tumwitike, muuza ndizi, ambaye hakukosa mechi hata akiwa na homa. "Nusu ya timu ilicheza na miguu mibovu. Mikono ya Mwasomola ndiyo iliyowasimamisha. Jicho linapiga chenga?"

"Na Mwalimu Sekela?" alipaza sauti mwanachuo mmoja. "Mapumziko walikuwa wamekata tamaa kabisa. Nilikuwepo mlangoni, nikasikia alivyowarudisha."

Wakabishana mpaka mate yakakauka. Wengine walidai aletwe kocha kutoka mjini, mwenye vyeti. Wengine wakawazomea. Mzee Asajile aliwasikiliza wakipanga mabeki na washambuliaji, akaona hasira ikimpanda, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyelitaja jina la mwanawe. Akainua mkono. Wakanyamaza.

"Makocha," alisema, "nitawauliza swali moja tu. Siku ile, kabla mwanangu hajafa, mlijua nini?"

Kandonga alivua kofia. "Mzee wangu, sitakudanganya. Nililiona pengo la yule beki, na niliona kwamba ni Ipyana tu mwenye mbio za kulipita. Nikawaambia wenzangu. Lakini niliona na jambo jingine. Niliona anashika kifua kila mpira unapotoka, na midomo yake imebadilika rangi. Hilo sikuwaambia. Nilijisemea, nikilisema watamtoa, na pengo lile halitapitwa na mtu."

Mwasomola alisema akitazama viganja vyake. "Mimi sikuliona, Baba Ipyana, ila nililigusa. Alipoanguka kipindi cha kwanza nilikimbilia pale. Nikamchua miguu, nikamsugua kifua, na chini ya mkono wangu moyo ulikuwa unaruka, unasimama, unaruka. Sijawahi kugusa moyo wa namna ile. Ningeweza kuita machela. Lakini mikono yangu imezoea kuinua watu, nikamwinua."

Ikabaki zamu ya Mwalimu Sekela. "Mimi sikuona wala sikugusa," alisema. "Mimi niliambiwa. Mapumziko alikuja kwangu, akaninong'oneza, 'Mwalimu, leo niache nikae.' Nikamwambia, 'Ipyana, mji mzima umefunga maduka kwa ajili yako, halafu wewe ukae?' Nikaongeza na mengine, siyakumbuki yote. Akacheka, akafunga viatu upya. Nilifurahi kwamba nimeweza kumgeuza."

Tumwitike alijifunika uso kwa mtandio.

Mzee Asajile alihisi anataka kuwachukia wote watatu, na chuki ingekuwa nafuu kwake. Lakini aliwatazama, akaona kila mmoja angeweza kukana. Hakukuwa na shahidi wa jicho, wala wa kiganja, wala wa mnong'ono. Wamesema wenyewe.

"Basi waondoke!" alifoka Kajange, yuleyule aliyekuwa akimpigania Kandonga. "Aletwe mgeni. Hawa wana damu mikononi."

"Mgeni atakuwa bora kwa lipi?" Tumwitike alijibu akifuta machozi. "Hakumjua Ipyana. Atakapomwona Ambokile anashika kifua atafikiria kombe, kama hawa walivyofikiria. Hawa angalau wameshaungua. Ila wote watatu wameungua, tumpe nani?"

"Wana damu!" alirudia Kajange.

"Kaa chini, Kajange," alisema Mzee Asajile. "Hujaisikia yote."

Akainuka, akaivua ngoma kanga yake. Watu waliokuwa karibu wakarudi nyuma kidogo.

"Kipindi cha pili Ipyana alianguka tena, kabla ya bao. Mnakumbuka? Nikampigia mdundo wake, nanyi mkamwita, hata wewe Kajange, na sauti yako ilizidi za wote. Alijiinua kwa kiwiko kimoja, akatazama huku kwenye ngoma, akainua mkono. Mkashangilia. Mlidhani anawasalimu." Akauinua mkono wake mwenyewe, kiganja wazi. "Mimi ni baba yake. Tangu akiwa mdogo, akishiba, akichoka, akikataa jambo, aliinua mkono hivyohivyo. Alikuwa ananiambia inatosha. Niliuelewa. Nikaendelea kupiga."

Kajange aliketi palepale kwenye nyasi.

Ndipo Ambokile akatoka pembeni na kusimama kati ya baba yake na makocha. Namba ya kaka yake ilikuwa mgongoni. "Baba," alisema, "mimi nitacheza. Usiifute timu kwa sababu yangu, wala usinichagulie kocha wa kunihurumia. Ila nikianguka, nataka kujua nani atakayenitazama."

Mzee Asajile akatoa kipenga mfukoni. Kamba yake ilikuwa imekakamaa kwa jasho la makocha wa zamani. Akaifungua tayari kuvisha, akawatazama watatu, na mkono wake ukabaki hewani.

Hapo ndipo ninapowaachia, kwa sababu hapo ndipo hata mimi ninapokwama kila ninapoisimulia.

Kandonga aliona, akanyamaza. Lakini jicho lile likiamua kusema, hakuna ugonjwa utakaojificha mbele yake. Mwasomola aligusa, akainua. Lakini mikono ile sasa inaujua moyo unaokaribia kusimama, na mikono mingine haiujui. Sekela aliambiwa, akashawishi. Lakini ni yeye peke yake ambaye kijana alimwendea na kumwambia ukweli, na mchezaji atakayeumwa kesho atamwendea nani? Ukimtoa mmoja wao, bao lisingepatikana. Ukimtoa mmoja wao, huenda Ipyana angekuwa nasi hapa, anatafuna karanga.

Jua limepanda, ukungu umeondoka, mkuu wa chuo anangoja jibu. Ambokile amekwisha kufunga viatu.

Haya, ninyi mliokaa hapa. Kipenga kingekuwa mkononi mwako, na huyo aliyesimama mbele yako ni mtoto wako aliyebaki, ungekivisha shingo ya nani? Na ukishakivisha, hebu niambie na hili: ile ngoma, ungempa nani aipige?